Oti visiwani: tazameni kitako cha punje kabla ya kushika jembe

Ndugu Mhariri,

Oti imo katika orodha za mimea ya kigeni inayoota ovyo katika visiwa vya sehemu mbalimbali za dunia, na kila inapotajwa wasomaji hugawanyika makundi mawili. Wapo wanaotaka ing'olewe popote ilipo na uingizaji wake upigwe marufuku. Wapo wanaosema nafaka ya uji haiwezi kuwa gugu, basi iachwe ijiotee. Mara nyingi makundi haya yanabishana juu ya mimea tofauti inayoitwa kwa jina moja, na visiwa havina fedha wala watu wa kupoteza kwa sababu ya mkanganyiko huo. Tunaomba nafasi tueleze jinsi ya kuitambua oti ya shambani, kwa nini kwa kawaida hutoweka bila kusukumwa, na kwa nini, pamoja na hayo, kuiona ikichipua kando ya gati ni jambo la kushughulikiwa siku hiyohiyo.

Oti ya shambani ni Avena sativa, nyasi ya msimu mmoja. Si shayiri. Shayiri ina suke lililoshikana lenye ndevu ndefu zilizosimama, ilhali suke la oti limetawanyika na visuke vyake vinaning'inia kwenye vikonyo vyembamba. Asili yake ni oti mwitu ya ukanda wa Mediterania na Mashariki ya Kati, Avena sterilis. Wakulima wa kale hawakuitafuta. Ilijipenyeza katika ngano na shayiri kama gugu, ikasafiri ndani ya mbegu zao hadi Ulaya ya kaskazini, na huko kwenye baridi na mvua ikazishinda hizo ngano na shayiri hadi ikawa zao kamili. Ugugu, kwa hiyo, umo katika ukoo wake, nasi hatuwacheki wanaoiogopa.

Ila katika kuwa zao ilipoteza mambo matatu ambayo gugu haliwezi kuishi bila hayo. Punje zake hazipukutiki zinapoiva. Zinang'ang'ania kwenye suke zikisubiri mvunaji. Mbegu zake hazilali. Zikipata unyevu huchipua karibu zote kwa pamoja, kwa hiyo ukame wa wiki mbili baada ya mvua ya kwanza unaweza kumaliza kizazi kizima. Na ndevu zake, kama zipo, ni dhaifu na zimenyooka, haziwezi kuichimbia punje udongoni. Punje inabaki juu ya ardhi, chakula cha ndege na panya. Ndiyo maana oti iliyodondoka kando ya barabara huonekana mwaka huu, mwakani hubaki miche michache, na mwaka wa tatu haipo, isipokuwa kama kuna mtu anaendelea kuidondosha. Sharti hilo la mwisho ndilo kiini cha barua hii.

Oti mwitu ni habari nyingine kabisa. Ile iliyoenea zaidi, Avena fatua, hupukutisha punje moja moja kadiri zinavyoiva, wiki kadhaa mfululizo, na nyingi huwa chini kabla mashine ya kuvuna haijaingia shambani. Kila punje ina ndevu ngumu ya sentimita 3 hadi 4, iliyopinda katikati kama goti, na nusu ya chini imesokotwa. Ikilowa hujisokotoa, ikikauka hujisokota tena, na kwa mzunguko huo wa umande na jua punje huburura na kujipenyeza kwenye nyufa. Mwendo huo ni wa uhakika kiasi kwamba katika karne ya 17 mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke aliutumia kutengenezea kipima unyevu wa hewa. Punje zikishafika chini hulala, na hazilali kwa kipimo kimoja: baadhi huamka msimu unaofuata, nyingine hukaa miaka 3 hadi 6, na chache hupita hapo. Mche wake unaweza kutokea kina cha sentimita 15, ilhali oti ya shambani hupandwa sentimita 3 hadi 5.

Sasa utambuzi, maana hapa ndipo kampeni nyingi huharibika.

Mmea ukiwa mchanga unaweza kuitenga oti na ngano au shayiri, lakini huwezi kutenga oti ya shambani na oti mwitu kwa uhakika. Tazama majani kutoka juu: ya oti hujipinda kinyume cha mwendo wa saa, ya ngano na shayiri hufuata mwendo wa saa. Pale jani linapoachana na bua, oti haina yale masikio mawili yanayolikumbatia bua. Ina utando mweupe tu, wa milimita 3 hadi 6. Watu husema jani lenye vinyweleo kwenye kingo karibu na bua ni la oti mwitu. Ni dalili, si ushahidi. Baadhi ya aina za shambani nazo huwa na vinyweleo, na tusingeruhusu mtu anyunyizie dawa kwa kutegemea alama hiyo peke yake.

Ushahidi uko kwenye kitako cha punje. Subiri punje za juu zianze kubadilika rangi, maana suke la oti huiva kuanzia kileleni kushuka chini. Chukua visuke kutoka mimea isiyopungua 10, si mmoja, kwa sababu kundi moja linaweza kuwa na mchanganyiko. Viweke kwenye karatasi nyeupe, shika kioo cha kukuza mara 10 na kibano. Kila kisuke kina makapi mawili makubwa ya nje, na ndani yake punje mbili au tatu. Vuta punje ya chini kabisa.

Kama ni ya shambani, itabidi uivunje kwa nguvu, na kitako chake kitabaki na mvunjiko mdogo usio na umbo maalumu. Ganda ni laini, halina nywele au lina chache sana, na rangi ni ya maziwa, ya manjano, au nyeusi kutegemea aina. Rangi nyeusi peke yake haimaanishi kitu; wengi huhukumu hapo na kukosea. Kama ni Avena fatua, punje itaachia kwa kuguswa tu, na kwenye kitako utaona kovu safi la mviringo lenye ukingo ulioinuka, limezungukwa na kishungi cha nywele. Punje ya pili nayo ina kovu lake, kwa sababu kila punje huanguka peke yake. Kama ni Avena sterilis, punje mbili huanguka zikiwa zimeshikana. Ya chini ina kovu kubwa, ya juu haina, na makapi ya nje ni makubwa kupita yote. Iko pia Avena barbata, nyembamba na nyepesi kwa kila hali, ambayo ncha ya ganda la punje huishia kwa nyuzi mbili nyembamba kama sindano. Oti nyeusi ya kulimwa, Avena strigosa, ina nyuzi hizo pia, lakini haipukutiki na haina kishungi cha nywele kwenye kitako. Bila kutazama ncha zote mbili za punje, hizi mbili zitakuchanganya.

Kwa asiye na kioo kuna kipimo cha haraka: shika suke lililoiva juu ya karatasi, ligonge kwa kidole mara kadhaa. Punje zikidondoka na makapi matupu yakabaki yamefunguka kwenye vikonyo, hiyo ni oti mwitu. Zikibaki zote, kuna uwezekano mkubwa ni ya shambani. Kipimo hiki kinashindwa suke likiwa bado bichi, na kinashindwa pia baada ya dhoruba, kwa sababu upepo mkali unaweza kuiangusha hata oti ya shambani.

Kuna tatizo moja ambalo hata wakaguzi wazoefu huliruka. Katika shamba la mbegu safi hujitokeza, mara chache, mimea yenye kovu na ndevu zilizopinda kama oti mwitu, lakini rangi na ukubwa wa punje ni wa ile aina iliyopandwa. Ni mabadiliko yanayotokea ndani ya oti yenyewe, si lazima iwe shehena ilichafuliwa. Mmea mmoja wa namna hiyo usiwe sababu ya kurudisha meli. Ung'olewe tu, maana tabia ya kupukutika imerudi. Wakati mwingine mmea wa kati na kati ni mtoto wa oti ya shambani na oti mwitu. Avena sativa, Avena fatua na Avena sterilis zote zina kromosomu 42, na watoto wao huzaa. Oti hujichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa, na uchavushaji wa nje kwa kawaida hauzidi punje moja kati ya 100. Ila zao na gugu zikikaa pamoja miaka mingi, kiasi hicho kinatosha kulihamishia gugu sifa za zao, kama kuiva pamoja nalo au kufanana nalo rangi. Avena barbata ina kromosomu 28, hivyo hatari ya kuchanganyika nayo ni ndogo sana.

Si kila kisiwa kina sababu ileile ya kuhofu. Oti hupenda ubaridi. Huanza kuchipua udongo ukiwa na nyuzi joto 4 au 5 za selsiasi, na joto likipita 30 wakati wa kutoa maua visuke vingi hubaki vitupu. Kwenye pwani ya joto ya ukanda wa tropiki miche hutoka baada ya mvua, ikashikwa na kutu ya majani, ikafa na punje chache au bila punje. Visiwa vya kuangaliwa ni vile vyenye mvua za majira ya baridi na kiangazi kikavu, na vile vya tropiki vyenye milima mirefu ambako hali ya hewa hubadilika kadiri unavyopanda. Kwenye Visiwa vya Channel karibu na pwani ya California, na hasa Santa Cruz, Avena fatua na Avena barbata zimetawala sehemu kubwa ya nyanda za nyasi zilizoachwa na ufugaji wa kondoo na ng'ombe. Kwenye kisiwa cha Robinson Crusoe, Chile, Avena barbata imeenea katika nyasi za maeneo yaliyochakaa. Hawaii nako oti mwitu imeshakuwa mwenyeji. Katika maeneo yote hayo anayetawala ni oti mwitu, si ile ya uji.

Tena kuna visiwa ambako oti ni urithi. Kwenye visiwa vya Uist, magharibi mwa Uskoti, wakulima bado wanapanda Avena strigosa pamoja na rai (nafaka ya jamaa ya ngano) na aina ya zamani ya shayiri kwenye udongo wa mchanga uliojaa magamba ya kombe. Udongo huo una upungufu wa madini ya manganizi, na oti ya kawaida hunyong'onyea hapo. Mashamba hayo madogo, yanayopandwa na kupumzishwa kwa zamu, ndiyo makazi ya ndege na maua ambayo kwingine yametoweka. Anayeandika amri moja ya kuifuta oti katika visiwa vyote vya dunia hajafikiria Uist.

Basi oti hufikaje? Kwa njia tano, na hatuzipi uzito sawa.

Nyasi kavu za mifugo ndiyo njia kuu. Oti huvunwa kwa ajili ya marobota ikiwa bado kijani au punje zikiwa na maziwa, na ikikatwa wakati huo mbegu hai ni chache. Mvua zikichelewesha mkataji, punje hukomaa na robota linakuwa gunia la mbegu. Oti mwitu iliyomo ndani hukomaa mapema kuliko zao, kwa hiyo hata robota lililokatwa kwa wakati kwa kipimo cha zao linaweza kuwa na mbegu hai za gugu. Mkaguzi asiangalie rangi ya robota tu. Afungue, achomoe masuke kutoka katikati, ayapukuse juu ya turubai.

Mabua ya matandazo huonekana salama kwa sababu nafaka imeshavunwa. Hesabu inasema vingine. Tuseme shamba limetoa tani 3 kwa hekta na mashine imepoteza asilimia 2 tu. Hizo ni kilo 60. Punje 1,000 za oti huwa na uzito wa gramu 30 hadi 40, yaani kilo moja ina punje 25,000 hadi 33,000. Kwa 30,000, kilo 60 ni punje 1,800,000. Nyingi hubaki shambani. Sehemu moja tu ya kumi ikikusanywa pamoja na mabua, umepeleka punje 180,000 kwenye mteremko uliotaka kuuponya. Kwa kazi ya kuzuia mmomonyoko kisiwani sisi tungependekeza chipsi za miti ya hapohapo au wavu wa nyuzi za nazi, na mabua yaje mwisho kabisa.

Mbegu ya kupanda, kwa ajili ya malisho au kufunika udongo, ni njia ya tatu, na inahitaji sampuli yenye ukubwa wa kutosha. Tuseme gunia lina wastani wa punje moja ya oti mwitu kwa kilo. Ukikagua kilo moja, uwezekano wa kutoiona kabisa ni takriban 37 kwa 100. Ukikagua kilo 3 unashuka hadi 5 kwa 100. Wengi hukagua viganja viwili, kisha wanaandika kwamba mbegu ni safi. Na punje moja kwa kilo si jambo dogo: ukipanda kilo 100 kwa hekta umepanda oti mwitu 100, moja katika kila mita 100 za mraba. Mmea uliopata nafasi unaweza kutoa punje 100. Mwaka wa kwanza vibarua wachache wanaweza kuwang'oa hao 100 kwa siku moja, kwa sababu oti mwitu hurefuka kupita zao na suke lake huonekana mbali. Mimea hiyo ikipuuzwa, mwaka wa pili kuna mbegu 10,000 udongoni, nyingi zikiwa zimelala, na hapo siku moja haitoshi.

Punje nzima za kulishia farasi, kuku na njiwa ni njia ya nne, na ndiyo rahisi kuifunga. Oti iliyopigwa mvuke na kukaushwa kwa joto kali kabla ya kubanwa imekufa, pamoja na mbegu za magugu zilizomo. Iliyopondwa tu bila mvuke bado inaweza kuwa na punje hai. Kisiwa kinachoruhusu oti ya kulisha wanyama kiandike katika kibali neno moja la lazima: iliyopikwa kwa mvuke. Uhakiki wake hauhitaji maabara kubwa. Chukua punje 400 bila kuchagua, zitandaze kwenye karatasi yenye unyevu, ziweke kwenye nyuzi joto 20 kwa siku 10. Isichipue hata moja. Ila kipimo hiki kisitumike kuisafisha mbegu mbichi: oti mwitu iliyolala haitachipua katika siku hizo 10, na sahani tupu itakudanganya. Kwa mbegu mbichi hakuna mbadala wa macho na kioo cha kukuza.

Ya tano ni matumbo ya wanyama wenyewe. Punje za oti hupita salama kwa farasi, nyingi kati yake ndani ya siku 2 hadi 4. Farasi anayepelekwa kisiwani ale chakula safi siku 3 hadi 4 kabla ya safari, na kinyesi chake cha siku za kwanza kikusanywe kwenye sakafu ngumu. Kinyesi hicho kisitupwe porini. Kiozeshwe kwenye lundo linalofika nyuzi joto 55 kwa siku 15 au zaidi na kugeuzwa mara 5, ili sehemu za nje nazo zipate joto la ndani.

Oti imeshaota, tufanyeje? Kabla ya kung'oa, uliza punje ilidondoka kutoka wapi. Mstari wa miche kando ya barabara unaelekeza kwenye lori lisilofunikwa. Duara la miche jirani na zizi linaelekeza kwenye hori. Miche kando ya gati inaelekeza kwenye magunia yaliyopasuka wakati wa kupakua. Mahali pale palipopitisha oti ya shambani isiyo na madhara makubwa panapitisha pia mbegu ndogo usizoziona. Oti ni kubwa, ni ya rangi iliyofifia, na huchipua haraka. Ndiyo mgeni wa kwanza kuonekana, na kuing'oa bila kuuziba mwanya uliomwingiza ni kazi bure.

Kung'oa kwenyewe ni kwepesi, udongo ukiwa na unyevu, maana mizizi ni ya nyuzinyuzi na haina kiazi. Wakati mzuri ni suke linapochungulia kutoka kwenye ala ya jani, kwa kawaida wiki 8 hadi 10 tangu kuchipua pakiwa na hali ya hewa ya wastani. Ukienda mapema sana utaikosa miche iliyojificha. Ukichelewa, punje za kileleni zimeshaiva huku mmea bado unaonekana wa kijani kwa chini, na hilo ndilo kosa linalorudiwa kuliko yote. Rudi kila baada ya wiki 2 au 3 hadi msimu uishe, kwa sababu haichipui yote kwa siku moja. Mmea uliotoa suke usiachwe umelala juu ya ardhi. Bua lililong'olewa lina akiba ya kutosha kumalizia kujaza punje. Utie kwenye mfuko wa kitambaa kizito usio na tundu, mdomo wa mfuko ukiwa juu ya suke kabla hujaligusa kama ni oti mwitu.

Kufyeka hatukupendekezi kama silaha peke yake. Ukifyeka mapema, machipukizi ya pembeni huinuka na kutoa masuke mafupi chini ya urefu wa panga, na mfyekaji anaondoka akidhani amemaliza. Kulima pia kunasaidia upande mmoja na kudhuru mwingine: oti ya shambani iliyofukiwa huchipua au huoza, lakini oti mwitu iliyofukiwa imehifadhiwa. Kama umethibitisha ni oti mwitu, iache mbegu iliyoanguka ibaki juu ya ardhi ipigwe na jua, mvua na wadudu. Usiifukie.

Viuamagugu vinavyoua jamii ya nyasi peke yake, kama fluazifopu na klethodimu, hufanya kazi vizuri miche ikiwa na majani 2 hadi 5. Tatizo ni kwamba kwenye visiwa vingi mimea adimu ya kulindwa ni nyasi pia, na dawa haichagui mzaliwa na mgeni. Tena oti mwitu sugu kwa dawa za kundi hili imeenea katika nchi nyingi zinazouza nafaka, ikiwemo Australia na Kanada. Mimea michache ikisalimika baada ya kunyunyiziwa ipasavyo, usiongeze kipimo. Ing'oe kwa mkono.

Wanaosema oti ya shambani iachwe kwa kuwa itakufa yenyewe wanasahau mambo mawili. La kwanza ni vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mimea. Oti hubeba virusi vya udumavu wa manjano wa shayiri, vinavyoenezwa na vidukari kama Rhopalosiphum padi, na majani ya oti iliyougua hugeuka wekundu au zambarau. Huko California imeonyeshwa kwamba oti mwitu na nyasi nyingine za msimu mmoja kutoka Mediterania huongeza vidukari na maambukizi kwenye nyasi za asili za kudumu zinazoota karibu nazo. La pili ni panya. Punje zilizodondoka ni chakula, na kisiwa kinachotega chambo chenye sumu ili kuwaondoa panya wanaokula mayai na makinda ya ndege wa baharini hakiwezi kumudu chakula mbadala kimwagike gatini.

Taratibu za kupima hatari ya mimea, kama ile iliyotungwa Australia na kurekebishwa kwa Hawaii na visiwa vingine vya Pasifiki, zina maswali 49, na swali la kwanza kabisa ni kama mmea umefugwa na binadamu kwa muda mrefu. Ni utaratibu mzuri na tunauunga mkono. Lakini maswali yake yanapima spishi, hayapimi gunia. Avena sativa ikipata kibali kwa karatasi hizo, kibali hicho hakiiruhusu Avena fatua iliyojificha ndani yake, na mkaguzi ana haki ya kulikataa gunia la spishi iliyoruhusiwa.

Kwa hiyo tunaziomba mamlaka za visiwa zibadilishe mambo mawili katika fomu za uingizaji. Badala ya neno oti pekee, fomu iseme ni ya namna gani: mbegu ya kupanda, punje nzima za chakula, iliyopikwa kwa mvuke, robota la nyasi, au mabua. Na kwa marobota iongezwe tarehe ya kukatwa pamoja na hali ya suke siku hiyo: halijatoka, lina maua, lina maziwa, au limekomaa. Muuzaji makini anayajua haya yote kabla hajapakia, na mkaguzi anaweza kuyahakiki kwa kufungua robota moja.

Wasomaji wako